Sanduku Lililolima Ntalikwa

Usingizini bado naisikia miguu. Inapita uani kwetu Mtendeni, kati ya jiko la mama na kisima, na haina haraka. Sioni nyuso wala mizigo. Naona vumbi likiinuka na kutua, likiinuka na kutua, na nasikia dundo moja likifuatwa na jingine, kila moja likikaa mahali pake kama figa. Nikiamka chumba kiko kimya, taa ndogo ya redio inawaka, na ukutani diploma yangu imetulia ndani ya kioo chake. Naitazama, nafurahi, narudi kulala.

Vijana wanaopiga muziki wa kompyuta siku hizi hunijia mara kwa mara. Huniambia kwamba muziki huu wa mashine, huu wa dundo lisilochoka, ulizaliwa Ulaya juzi juzi, ukateremkia Dar es Salaam, ndipo ukapanda treni kuja kwetu bara. Huwaacha wamalize soda zao. Kisha huwaonyesha sanduku la mninga lililo chini ya dirisha, lenye vitufe vyeusi vya kuzungusha na doa jeupe la duara juu yake, mahali lilipowekwa bakuli la uji. Nawaambia, "Hili lilikuwa likichezesha watu Tabora wakati baba zenu wanajifunza kufunga vifungo vya shati." Wao hucheka. Mimi sicheki. Si mtu wa kuona haya kwa sifa ninazostahili, maana nilizitafuta mwenyewe na sikurithi hata moja.

Labda mwendo tu. Huo nilirithi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na pembe begani, akarudi na majora ya nguo, akaenda tena, mpaka njia ile ya misafara ikamwingia mwilini. Sikumkuta hai. Lakini mama, ambaye ndiye aliyemtunza uzeeni, alisema mzee hakuacha kutembea. Reli ilikuwa imekwisha kufika, wapagazi hawatafutwi tena, naye kila asubuhi aliuzunguka ua wetu, bega moja limeinama kama lenye mzigo, fimbo ikigonga ardhi kila mguu wa kushoto unapokanyaga, na mdomoni wimbo usio na maneno. Mama alikuwa akitwanga mahindi hapo hapo. Mchi ukamfuata mzee bila mama kukusudia. Babu alipokufa mchi uliendelea na mwendo ule ule. Mimi nikazaliwa, nikafungwa mgongoni kwa kanga, nikalala juu ya dundo hilo. Wataalamu wakitaka kujua masomo yangu ya sauti nilianzia wapi, nilianzia mgongoni mwa mama.

Baba alikuwa fundi cherehani, akaondoka duniani mapema. Niliacha shule nikaenda kufagia duka la Mhindi mmoja aliyetengeneza redio. Nilifagia polepole, macho yakiwa juu ya meza yake, na kabla ya miaka kupita mingi yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza kwa nini redio ya mteja inakoroma. Jioni nilijisomesha kwa masomo ya posta, taa ya chemli ikinichoma nyusi. Uhuru ulipokuja na nchi ikatafuta vijana wa kupeleka nje kusomea ufundi, hakukuwa na mjomba wa kunishika mkono. Nilifanya mtihani, nikapita, nikapanda ndege nikiwa na koti la marehemu baba lililoishia kwenye viwiko.

Walinipeleka Ujerumani ya Mashariki, kwenye mji wa viwanda ambako jua lilikuwa kama sarafu iliyosahauliwa ndani ya maziwa. Katika chuo chetu kulikuwa na chumba cha majaribio chenye mitambo ya kutoa sauti kutoka kwenye umeme mtupu, bila uzi, bila ngozi, bila pumzi ya mtu. Mwalimu alizungusha kitufe, na spika ikasema: du. Akazungusha tena: du, du, du. Wenzangu waliandika. Mimi niligeukia dirisha. Nje theluji ilikuwa ikianguka kimya, na ndani ya theluji ile niliuona ua wetu wote, mchi, kinu, na mzee nisiyemjua akizunguka. Siku ile nilijua nitakalolifanya duniani. Wengine walirudi nyumbani na saa za mkononi na masufuria. Mimi nilirudi na kreti la waya, transista, na rekoda ya mikanda inayotumia betri, na diploma ndani ya bomba la bati ili isikunjike.

Treni kutoka Dar es Salaam iliingia Tabora asubuhi. Mama alikuwa stesheni, mdogo kuliko nilivyomwacha, kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa." Kisha aliliona kreti linateremshwa na wapagazi wa stesheni. "Na hilo ni nini? Umeniletea jokofu?"

"Muziki, mama."

"Muziki mzito hivyo? Babu yako angeomba posho ya watu wawili."

Niliajiriwa karakana ya serikali kutengeneza redio za mkoa mzima. Saa za kazi zilikuwa za taifa, saa nyingine zilikuwa zangu. Seremala wa Mtendeni, mzee wa Kimanyema aliyechonga milango, alinitengenezea sanduku la mninga, mbao zinazonukia asali zikipigwa randa. Ndani yake nilipanga saketi zangu. Kitufe kimoja kilitoa dundo zito, kingine sauti kama njuga, kingine mluzi mrefu uliopanda na kushuka kama upepo wa kiangazi kwenye mabati. Kitufe kikubwa cha katikati kilikuwa cha mwendo. Hakuna mtu katika nchi hii aliyekuwa na kitu kama hicho. Nasema hivyo kwa sababu niliuliza.

Jumamosi alasiri nilikodi ukumbi karibu na soko. Vijana walikuja na suruali pana chini, wasichana na vitambaa vichwani, nami mwanzoni niliwapigia sahani za santuri kama kila mtu. Lakini sahani moja inapokwisha na kabla ya nyingine kuanza, niliwasha sanduku lijaze nafasi. Mwanzoni walisimama. Mmoja alikuja nyuma ya meza akachungulia.

"Kaka, bendi iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Mpiga ngoma kakaa wapi humu?"

"Hakuna mpiga ngoma. Cheza."

Walicheza. Wiki hadi wiki nafasi ile kati ya sahani na sahani ikawa ndefu, mpaka sahani zikabaki ndani ya majaketi yake na sanduku likawa linapiga alasiri nzima. Ukumbi ulijaa vumbi la dhahabu lililopita madirishani, na katika vumbi lile vijana wa Tabora walikwenda na kurudi, macho yamefumbwa, kama watu walio njiani kwenda mahali pa mbali sana na wasio na wasiwasi wa kuchelewa. Ukiwauliza walichosikia, hawakujua kueleza. Mimi nilijua.

Ndipo Katibu wa tawi la chama aliponiita.

Alikuwa mtu mwembamba, mwenye heshima, aliyevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Hakunifokea. Alinionyesha kiti.

"Ndugu fundi, nimepokea malalamiko. Wanasema unawapigia vijana kasumba."

"Ndugu Katibu, sanduku lile nimeliunda hapa hapa, kwa mbao za msitu wetu."

"Mbao nazijua. Sauti ndiyo siijui. Hiyo ni ngoma ya nani? Ya Wanyamwezi? Ya Wamanyema?"

"Ni ngoma ya umeme."

"Umeme ni kabila gani?"

Akainama mbele, akashusha sauti. "Vijiji vipya vinalilia redio. Karakana yako kila siku inaandika haina spea. Na wewe una spea za redio nzima nzima umezifungia kwenye sanduku zinasema du, du, du. Mkulima akose taarifa ya habari kwa sababu hiyo?"

"Zile ni zangu, Ndugu Katibu. Nilizinunua kwa posho yangu, nikala mkate mkavu."

"Nani kasema si zako? Nauliza zinafanya nini." Akafikiri kidogo, akipangusa kiwiko kisicho na vumbi. "Mavuno yakiisha kuna ngoma Ntalikwa. Utapambana na manju wa kule. Watu wakisema hii ni ngoma, basi ni ngoma, na mimi nitakutetea. Wakisema si ngoma, Jumatatu yake unalifungua sanduku mbele yangu, kila kitu kinakwenda kwenye redio za vijiji."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lote. Sanduku langu, ambalo nilikuwa nimelibeba kichwani tangu siku ya theluji, lingekuwa hai au lingekatwa vipande vipande likasomee watu bei ya tumbaku.

Kwa asiyejua, ngoma zetu za baada ya mavuno ni vita visivyo na damu. Vikundi viwili vinasimama kwenye kiwanja kimoja na kuanza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji ndio wanaoamua, kwa miguu. Unaposhinda wanakuja kwako, unaposhindwa unabaki na shangazi zako. Katikati ya ngoma wale mamanju, waongozaji na watunzi, hutukanana kwa nyimbo, na mwenye wimbo mkali huvuta watu. Kikundi kinachoshindwa humlimia mshindi mvua za kwanza zikinyesha.

Manju wa Ntalikwa alikuwa mwanamke mjane, mkulima wa tumbaku, mnene wa mikono na mwepesi wa miguu. Kikundi chake kililima pamoja mashamba ya kijiji, ngoma mbele, majembe nyuma, na kiangazi walicheza na majembe hayo hayo, wakiyarusha hewani na kuyadaka. Nilikuwa nimemtengenezea redio mara moja. Aliposikia nimepelekwa kwake, alikuja karakana kwa miguu, akasimama mlangoni akinitazama kama anayechagua mbuzi.

"Ndiye wewe Bwana Diploma?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia unapiga ngoma umekaa kwenye kiti."

"Naam. Ndiyo faida ya kusoma."

"Haya," alisema. "Uje na kiti chako. Vya kwetu watakalia wageni."

Nyumbani mama alikuwa akichambua mchele. Nilimweleza, naye akacheka mpaka ungo ukatetemeka. "Huyo mama ana ulimi wa pilipili. Utamjibu nini? Ngoma bila matusi ni mazishi."

"Nitamjibu kwa sauti. Spika zangu zitasikika mpaka Mtendeni."

"Mm. Na angalia jambo moja. Usije ukaimba wimbo wake. Anayeimba wimbo wa mwenzake amekubali kushindwa, hata awe na watu wote."

"Sanduku haliimbi, mama."

"Basi salama," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Shemeji yangu, mume wa dada, aliendesha lori la tumbaku, na alilileta na betri zake pamoja na nyingine alizoazima kwa madereva wenzake. Tulikwenda Ntalikwa kwa mwendo wa pole ili mninga usipasuke. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua yamelala, anga jeupe kama majivu. Kiwanjani watu walikuwa wamejaa, waliotoka misa na suruali zao za misa, waliotoka swala na kofia zao, watoto juu ya mizinga mitupu ya nyuki iliyopangwa pembeni. Katibu alikuwa kwenye kivuli cha kibanda cha tumbaku, amekunja mikono. Nilipanga spika mbili, nikaketi kwenye kiti changu, shati jeupe, kalamu mfukoni.

Ngoma zao zikalia. Nikazungusha kitufe.

Nitasema kweli kwa sababu sina sababu ya kuogopa. Ardhi ilitikisika. Kundi kubwa lilikuja mbio upande wangu, nami nikamtazama Katibu. Lakini hawakusimama mbele ya spika. Walizipita, wakaenda nyuma yake, wakaanza kutafuta. Wazee waliinama chini ya lori. Mama mmoja aligonga mninga kwa kifundo cha kidole.

"Hodi! Mliomo humo, mnapumua?"

"Hakuna mtu, bibi," nilisema.

"Sasa unamficha wa nini? Mtoe tumwone, anapiga vizuri."

Walipohakikisha hakuna mtu, walinionea huruma, wakarudi kwa manju. Huko majembe yalikuwa yanaruka na kung'aa, njuga zinalia, jasho linaonekana. Nilizungusha kitufe cha mwendo, nikakimbiza dundo. Nilikuwa nikipiga kwa mwendo wa ukumbini, wa vijana, na kadiri nilivyokimbiza ndivyo kiwanja kilivyobaki kitupu mbele yangu. Ndipo manju akaja. Alivuka katikati kwa madaha, usinga mkononi, wanakikundi nyuma yake, akasimama mbele ya spika, akasikiliza ameinamisha kichwa kama mganga anayesikiliza tumbo la mtoto. Kisha akaimba.

Bwana Diploma kaja na sanduku,
lina tumbo, mdomo halina.
Limekula nini linanguruma?
Mpeni uji, lina njaa!

Kiwanja kizima kililipuka. "Mpeni uji!" waliitikia, "lina njaa!" Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Na kweli mmoja alitoka na bakuli la uji wa mtama, mvuke unapanda, akalitua juu ya sanduku langu la mninga, akapiga goti kwa heshima. "Karibu chakula, mgeni."

Shemeji alinisogelea. "Shemeji, mjibu! Mtukane hata baba yake."

"Sina wimbo."

"Diploma nzima huna wimbo?"

Manju aliimba tena, na tena, kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu. Nami nikafanya jambo ambalo, kwa nijuavyo, hakuna aliyekuwa amelifanya kwenye kiwanja cha ngoma popote. Niliwasha rekoda yangu ya Ujerumani, niliyokuwa nimeiunga na spika za sanduku, nikainua maikrofoni kwa kunyoosha mkono, nikamnasa. Nikazima. Nikairudisha nyuma kwa vidole, nikasikiliza kwa sikio moja, nikakata mkanda kwa wembe baada ya neno "njaa" na kabla ya "mpeni", nikaunga ncha mbili kwa plasta ya kidonda. Ikawa pete. Pete ilikuwa ndefu kuliko mashine, basi nikaipitisha kwenye shingo ya chupa ya soda.

"Shika hapa, shemeji. Usitikisike."

"Nikipiga chafya?"

"Usipige."

Nikawasha.

Mpeni uji, lina njaa. Mpeni uji, lina njaa. Sauti yake mwenyewe, kubwa kama mvua ya masika, ikitoka ndani ya sanduku lisilo na mdomo, ikirudi na kurudi. Ngoma zao zilikwama. Watu waligeuka. Dundo langu lilikuwa bado linakimbia na halikuoana na pete, basi nikashika kitufe cha mwendo nikashusha, nikashusha tena, mpaka dundo likakaa chini ya sauti yake kama mguu kwenye kiatu. Na lilipokaa, niliutambua. Ulikuwa mwendo wa mchi. Ulikuwa mwendo wa mzee wa uani, bega moja chini, fimbo ikigonga kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Sikuuchagua. Mwanamke yule aliimba kama watu wa kwetu wanavyotembea, basi.

Walikuja wote. Hawakukimbia safari hii, walitembea, safu kwa safu, miguu ikikanyaga pamoja, vumbi likiinuka na kutua. Wachezaji wa manju walikuja na majembe yao mabegani. Waliokuwa juu ya mizinga waliteremka. Nilikiona kiwanja chote kikipita mbele yangu na kuzunguka lori na kupita tena, nyuso zimefunikwa na vumbi hata sikuzijua, na kwa muda ambao siwezi kuupima nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kando ya njia kuu, na msafara mrefu ulikuwa unapita, wa watu waliokwenda pwani na wa wale waliorudi. Uji ulicheza ndani ya bakuli, ukamwagika kidogo. Upande wa pili wa kiwanja alibaki manju peke yake.

Nilizima nikiwa nimeshinda. Naandika neno hilo kwa herufi nilizozisomea.

Manju alivuka uwanja. Hakuwa amenuna. Aliuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Wimbo huu ni wa nani?"

"Wako, manju!" walijibu.

"Aliyeuimba mwisho ni nani?"

"Sanduku!"

"Basi mmesikia."

Wazee wa ngoma waliitikia kwa vichwa kwa pamoja. Anayeimba wimbo wa mwenzake amekubali. Nilisimama juu ya kiti. "Watu wako wapi?" nilipiga kelele. "Tazameni watu wako wapi! Miguu ndiyo inayoamua!"

"Miguu imefuata wimbo," alisema mzee mmoja, "na wimbo ni wa mama huyu."

"Lakini pete nimeikata mimi! Dundo ni langu!"

Katibu alitoka kivulini, akaja taratibu, akilitazama bakuli la uji juu ya sanduku. "Kwa hiyo fundi ameshindwa," alisema. "Jumatatu, ndugu, kama tulivyokubaliana."

"Jumatatu kuna nini?" aliuliza manju.

"Sanduku linafunguliwa. Spea ziende kwenye redio za vijiji. Si ngoma."

"Si ngoma?" Manju aliweka mikono kiunoni. "Ndugu Katibu, mimi nimetoka jasho hapa tangu jua liko kichwani. Nimeshindana na nini? Na jokofu?"

Watu wakaanza kucheka. "Nauliza," aliendelea. "Kama hiki si ngoma, basi sijamshinda mtu. Kikundi changu kimekuja kutukana mbao. Unataka niende kwa wenzangu Bukene nikawaambie mwaka huu nimelishinda kabati?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema si ngoma. Mimi nasema ni ngoma, na ni ngoma niliyoishinda, na mvua ikinyesha inanilimia kama ngoma nyingine yoyote iliyoshindwa. Ukiifungua, nani atanilimia? Wewe?"

Katibu alipangusa kiwiko chake. Aliwatazama watu, na watu walikuwa bado wako upande wangu, wamesimama na majembe. Kisha akanigeukia mimi.

"Fundi. Unakubali umeshindwa?"

Nimefanya mitihani kwa lugha ya Kijerumani, nikiwa na baridi hadi kwenye meno. Hakuna swali lililonipa shida kama lile. Nilikuwa nimewavuta watu wote. Walikuwa wamesimama mbele yangu, kila mwenye macho anaona. Ningesema sikushindwa, manju asingekuwa na ngoma ya kuitetea; ningeondoka na ushindi wangu, na Jumatatu ningeufungua kwa bisibisi. Manju alinitazama bila kupepesa. Shemeji alikuwa bado ameshika chupa ya soda.

"Ngoma yangu," nilisema, na neno la kwanza nililitamka ili Katibu alisikie vizuri, "ngoma yangu imeshindwa."

"Haya," alisema Katibu. "Ni ngoma."

Manju alichukua bakuli juu ya sanduku, akanipa. Nilikunywa uji wote nimesimama. Ulikuwa umepoa, na ulikuwa na vumbi, na bado nadhani sijanywa mtamu kama ule. Doa lake halikutoka kwenye mninga, nami sikulipiga randa.

Mvua za kwanza zilipokuja, tulikwenda Ntalikwa alfajiri na lori. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta, harufu ya udongo ulioamka. Tuliliweka sanduku chini ya turubai kwenye kichwa cha shamba la kijiji, spika zikitazama bonde. Mama alikuja pia, akaketi juu ya gunia, eti kuona kazi ya diploma. Kikundi kilijipanga safu moja, majembe mbele. Nilizungusha kitufe cha katikati mpaka dundo likakaa kwenye mwendo ule, wa mchi, wa njia. Majembe yakainuka pamoja, yakashuka pamoja. Mstari mrefu wa watu ukaanza kwenda, kurudi nyuma hakuna, ukipotelea kwenye ukungu na kutokea tena, na nikaona mkono wa mama juu ya gunia ukipiga taratibu bila yeye kujua.

Manju aliniacha nifurahi kidogo tu.

"Bwana Diploma," aliita kutoka safuni. "Naona sanduku linajua kulima. Na mwenyewe?"

"Mimi naliangalia lisizimike, manju."

"Likizimika tutakuita. Njoo. Safu ina pengo."

Alinirushia jembe. Nililidaka, na hilo waulize wote waliokuwapo, nililidaka kwa mkono mmoja.

Tangu siku ile tulizunguka na kikundi kile vijiji vingi vya njia ya zamani, mpaka Bukene kwa treni, na Katibu alikuwa akitangulia kutuombea kiwanja. Baadaye nilipiga kwenye miji mikubwa, kwenye kumbi zenye taa za rangi, na sifa zangu huko ni nyingi, mwenye muda nitamsimulia. Lakini nikiulizwa kazi yangu ilianzia wapi, huwataja matuta ya Ntalikwa. Wanamuziki wote niliowajua walikuwa wanashikwa na vyombo vyao, mwenye gitaa na gitaa, mwenye ngoma na ngoma. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuusikia muziki wangu mwenyewe ukipiga bondeni huku mikono yangu yote miwili iko kwenye mpini wa jembe, mguu wa kushoto ukikanyaga udongo mbichi, bega moja limeinama.